Kundi la Mtu Mmoja

Alhamisi, Korogwe. Mvua tangu asubuhi.

Nimekaa kwenye internet kafe ya karibu na stendi, sketi imelowa mpaka magotini na matope ya Mazinde bado yako kwenye viatu. Umeme umekatika na kurudi, kwa hiyo naandika na kuhifadhi kila aya kabla haujabadili mawazo tena.

Leo nimelia. Nalisema hilo mapema, maana najijua, nikiliacha nitalizunguka mpaka mwisho wa ukurasa nisilifikie.

Wachache mnaonisoma hapa mnajua kwamba nafanya kazi ya takwimu, na kwamba nalalamika sana kuhusu chai ya ofisini. Hamjui kwamba mwaka jana nilijifungua.

Alikuwa msichana. Alizaliwa hospitali jioni, akaishi mpaka alfajiri, na hakuwahi kupewa jina. Mama mkwe wangu, Mzigua wa Handeni, alimbeba akiwa amefungwa kwenye kanga, akaondoka naye pamoja na mashangazi wa mume wangu, wakaenda kumzika huko kwao. Mimi nilikuwa bado nimelazwa. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nilikuta pamefagiwa, vyombo vimeoshwa, hakuna mkeka uliotandikwa wala mtu aliyekuja kukaa. Mama mkwe aliniambia, tena kwa upole, kwamba mtoto ambaye hajapata jina haliliwi, na nikimlilia nitamfungia njia atakayemfuata. Nikampigia simu mama yangu mzazi, Msambaa wa Kwashemshi, nikijua atapinga, maana hao wawili hawajapata kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi. Mama naye akasema vivyo hivyo.

Ndiyo mara pekee niliyoziona pande zangu mbili zikikubaliana.

Basi nikanyamaza. Mume wangu Salehe naye akanyamaza. Nikarudi kazini maziwa yakiwa hayajakauka, nikawa nafunga kifua kwa kitambaa chini ya blauzi na kuwaambia wenzangu nina mafua.

Na kazi yenyewe, kwa bahati mbaya niliyo nayo, ilikuwa ya wakunga.

Mradi wetu unawahoji wakunga wa jadi wa Handeni na Korogwe. Shabaha ni kujua wanavyoelewa mambo ya uzazi, ili watu wa afya wakienda kuzungumza na akina mama wasiongee na mke wa mfugaji kule mbugani kama wanavyoongea na mkulima wa milimani. Wadadisi wanazunguka na dodoso lenye sentensi nyingi, na kila sentensi inajibiwa Ndiyo au Hapana. Mzazi anyweshwe mafuta ya kondoo. Mtoto asitolewe nje mpaka kitovu kidondoke. Mambo kama hayo. Majibu yakifika ofisini ndipo ninapoanza mimi na kompyuta yangu.

Salehe aliwahi kuniuliza kinachofanyika humo ndani, na nilimweleza hivi. Fikiria mwalimu aliyepoteza majibu ya mtihani. Hajui jibu sahihi la swali hata moja, alicho nacho ni karatasi za wanafunzi tu. Lakini waliosoma watafanana, kwa kuwa walisoma kitu kimoja, na aliyebahatisha atakosea kivyake. Kwa kupima nani anafanana na nani, mwalimu anaweza kuyajenga upya majibu yaliyopotea, na hapohapo akajua neno la nani lipewe uzito mkubwa na la nani dogo. Hiyo ndiyo modeli yetu. Wanafunzi ni wakunga, na mwalimu asiyejua kitu ni mimi.

Niliipenda hesabu hii tangu siku niliyofundishwa. Haimpimi mkunga kwa kitabu cha daktari, inampima kwa wakunga wenzake. Ina masharti mawili tu makubwa. Kila mtu ajibu peke yake, pasipo kumsikiliza jirani, na wanaopimwa pamoja wawe wa desturi moja. Wakiwa wa desturi mbili unawatenganisha, na kila kundi linapewa ukweli wake.

Majibu yetu yaligawanyika makundi mawili, safi kabisa. Wakulima wa Handeni na wa Kwashemshi walikaa pamoja, Wazigua na Wasambaa, na wafugaji wa mbugani wakakaa peke yao. Kwenye maswali mengi makundi hayo yalipingana. Kwenye swali moja hayakupingana hata kidogo.

Mtoto akifariki kabla ya kupewa jina, watu wakae msiba. Ndiyo au Hapana.

Wakulima walisema Hapana, wafugaji wakasema Hapana, na modeli ikaandika Hapana mara mbili kwa uhakika ambao sijauona kwenye swali jingine lolote. Nilitoka nje nikanawa uso kwenye tangi la maji. Sasa hata hesabu ilikuwa imekubaliana na mama mkwe.

Mkunga mmoja tu alikuwa amejibu Ndiyo. Bibi yangu.

Bibi Stefania ni mama yake baba. Anaishi Mazinde, kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge. Yeye na babu walitoka upande wa Kibondo wakiwa vijana wabichi, babu akiwa manamba wa kukata mkonge, na hawakurudi tena. Kambi ile ilijaa watu kutoka kila pembe ya nchi, Waislamu na Wakristo na wasiotaka kuulizwa, na Bibi aliwazalisha wake zao wote. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji watu walipunguzwa kazini na zahanati ikafungwa. Wenye kwao wakarudi kwao, wengine wakafa. Laini za nyumba zilizobaki wazi zimeezuliwa mabati. Yeye ndiye mkunga wa kambi aliyesalia.

Modeli ilimpa uzito mdogo kuliko wakunga wote. Ilimsoma kama mtu aliyefumba macho akawa anarusha shilingi juu. Nilimjaribu kwa wakulima akakataa kukaa, nikamjaribu kwa wafugaji akakataa. Nikamwambia mtaalamu wetu mkuu, tunayemwita Dokta, kwamba huenda yeye ni kundi la tatu, la watu wa kambini. Dokta ni mtu mwema, hajawahi kunipandishia sauti. Alivua miwani akaniambia kundi la mtu mmoja si kundi, nimtoe.

Na ana haki. Ndilo jambo linaloniuma katika kazi hii. Mtu wa mwisho kati ya wanaojua jambo fulani, na mtu asiyejua lolote, kwetu wanatoka sawasawa. Wote wawili hawana wa kukubaliana nao. Hakuna hesabu ninayoijua inayoweza kuwatofautisha.

Mimi nikaamua Bibi ni wa mwisho. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na haja tu. Nikajiambia kwamba huko Kibondo, ambako sijawahi kufika, wako watu wanaomlilia mtoto ambaye hajapewa jina. Wanatandika mkeka, majirani wanakuja na unga na kuni, wanawake wanavua viatu mlangoni, na mama wa mtoto anakaa katikati na hakuna anayemwambia anyamaze. Watu hao ndio watu wangu, nikasema, damu yao ninayo. Kama wapo, basi nami ninaruhusiwa. Nimeishi na watu hao miezi yote hii, nikipika, nikipiga pasi, nikikaa kwenye vikao.

Wiki hii Dokta alinikumbusha juu ya kumtoa Bibi, maana matokeo yanatakiwa. Kabla ya kumfuta nikampanga tena, safari hii kwa kurasa. Dodoso lina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza Bibi amekubaliana na wakulima, neno kwa neno. Ukurasa wa pili amekubaliana na wafugaji, neno kwa neno. Ukurasa wa tatu hakubaliani na mtu yeyote.

Mtu anayebahatisha habahatishi hivyo.

Hapo nikakumbuka siku tuliyomhoji, nilipofuatana na wadadisi kwa kuwa ni kwa Bibi. Kwa kawaida mdadisi mmoja anamaliza dodoso lote. Kwa Bibi tulifika mwisho wa siku, wingu limetanda na dereva ana wasiwasi wa barabara, tukagawana kazi. Mwanahamisi, ambaye ni Mzigua na ukimsikia tu unajua, aliuliza ukurasa wa kwanza kisha akakimbilia nyumba nyingine aliyokuwa hajaimaliza. Nashipai, binti wa wafugaji wa mbugani, mwenye shanga zake shingoni na msalaba mdogo juu ya shanga, akauliza wa pili. Dereva akapiga honi, Nashipai akaenda kumtuliza. Wa tatu nikauliza mimi, ingawa sheria yetu hairuhusu kumhoji ndugu. Swali la mtoto lilikuwa kwenye ukurasa huo. Nililisoma haraka, macho kwenye karatasi. Bibi akasema ndiyo.

Leo nikaomba ruhusa, nikapanda basi linalopita Mombo, nikashuka Mazinde mvua ikiwa imeshika.

Nilimkuta jikoni anachambua kunde. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitania kama kawaida yake kwamba mke mwenzake amekuja kutafuta mume na mume ameshazikwa siku nyingi. Akanipa kigoda na kanga kavu. Nikachambua naye kunde kwa muda, kisha nikamuuliza kwa nini ukurasa wa kwanza alijibu kama Mzigua na wa pili kama mfugaji.

Alinishangaa. Kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kuulizwa. Kambini, alinieleza, ukimkuta mwanamke na uchungu wake, kabla hujanawa mikono unamuuliza ni wa watu gani. Akishakuambia, unafanya ya kwao. Mnyamwezi unamfanyia ya Kinyamwezi na Mbena ya Kibena, na kama huyajui unamwita mwanamke wa kwao aje akufundishe hapohapo. Hivyo ndivyo walivyoweza kuishi laini moja bila akina mama wakwe kuchinjana. Na mtu akikuuliza habari za uzazi, hata kama hana mimba, ni vilevile.

"Unamjibu kwa kwao," alisema. "Ukimjibu kwa kwenu, umemtukana."

Kwa hiyo yule binti wa Kizigua alipouliza alijibiwa ya Kizigua, na yule wa shanga akajibiwa ya kwao. Nilitaka kucheka. Dodoso letu halina mahali palipoandikwa tunataka ya kwako wewe mwenyewe. Tulidhani linajieleza, na kwa mkunga yeyote wa Handeni au Kwashemshi linajieleza. Kwa mtu wa kambi ile halikujieleza.

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na ukurasa mmoja.

Nikamuuliza ule wa mwisho, niliouliza mimi, alinijibu kwa desturi ya watu gani. Mama yangu Msambaa, mume wangu Mzigua, na wote wanasema Hapana. Nikamsaidia kabisa, nikamtajia Kibondo. Nilikuwa kama mwanafunzi anayesubiri jina lake kwenye ubao wa matokeo.

Aliacha kuchambua.

"Ya kwetu siyajui, mama," akasema. "Nilitoka kule sijazaa. Mambo hayo mtu anaambiwa akishazaa."

Nikauliza kama hajapata kusikia, hata kwa wengine, watu wanaomtandikia mkeka mtoto ambaye hajapewa jina. Akafikiri kweli, nilimwona anapita laini moja moja kichwani mwake, nyumba kwa nyumba, kabila kwa kabila. Akasema hajapata.

Watu wangu wa Kibondo wakafa wote kwa mara moja, pale jikoni.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimewatunza miezi na miezi. Niliona aibu, mtu mzima mwenye shahada yake, kuwalilia watu ambao hawakuwahi kuwepo. Nikamuuliza Bibi kwa nini basi alisema ndiyo.

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono. Kisha akaniambia kwamba na yeye amezika wawili wasio na jina. Hapo hapo kambini, nyuma ya laini ya pili, ambapo sasa kuna mashina ya mkonge yaliyotelekezwa. Baba yangu alizaliwa baada yao. Nimekuwa mjukuu wake maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia hilo. Alisema alipompoteza wa kwanza aliwauliza wanawake wakubwa wa kila kabila kambini, akizunguka mlango kwa mlango, akitafuta hata mmoja ambaye kwao wanalia. Kila mmoja alimwambia anyamaze. Akanyamaza. Wa pili hakuuliza tena.

Tangu hapo, alisema, amewaambia wanawake wengi wanyamaze, kila mmoja kwa maneno ya kwao. Akajua kuyasema vizuri sana.

"Siku ile uliuliza umeinama," akaniambia. "Nikaona nikikujibu ya watu, nitakuwa nimekuzika na wewe. Ile ndiyo niliyokujibu si ya watu wowote. Ni yangu mimi."

Aliinuka akaingia chumbani, akatoka na mkeka. Akautandika sebuleni, katikati, kama unavyotandikwa kwenye msiba, akavua kandambili zake akaziweka mlangoni. Nikavua na mimi viatu. Tukakaa tumenyoosha miguu. Akaniuliza nilitaka kumwita nani. Nikamwambia. Hapa siandiki.

Basi nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi na kila kitu, na mvua juu ya bati ikanisitiri. Bibi alilia kimya, mikono imelala mapajani, machozi yanashuka tu na yeye hayafuti.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mama Kulwa wa nyumba ya jirani alikuja kuomba moto, ameshika kifuu chake mkononi. Alisimama mlangoni, akaona mkeka, akatuona sisi. Hakuuliza nani amefariki. Huku kwetu mtu akikuta mkeka wa msiba anakaa kwanza, kuuliza ni baadaye. Aliweka kifuu chini, akavua viatu, akaja kukaa upande wa pili wa Bibi. Baada ya kitambo ndipo akauliza kwa sauti ya chini ni nani.

"Ni mtoto wa huyu," Bibi akamwambia, "na wangu wawili."

Nilingojea aseme kitu. Nilikuwa tayari kusikia lile neno la njia kufungwa. Mama Kulwa alivuta kanga yake ikafunika uso, akaanza kulia kuliko sisi sote, na Bibi akamshika mkono. Hatukumuuliza.

Nimerudi na basi la alasiri. Njia nzima nimekuwa nikifikiria ile Hapana yetu, yenye uhakika mkubwa kuliko majibu yote. Tuliwahoji wanawake wale mmoja mmoja, kila mtu peke yake, jirani asisikie, kwa kuwa hesabu inataka hivyo. Na kila mmoja, peke yake, akajibu alivyoambiwa ajibu. Sisemi modeli imekosea. Hiyo kweli ndiyo desturi, na ndiyo watakayoikuta watu wa afya wakienda. Nasema tu kwamba mwaka jana ungeniuliza mimi, nikiwa nimekaa na kifua kimefungwa kitambaa, ningekujibu Hapana bila kupepesa macho, na ungenipa uzito mkubwa.

Kesho nitamtoa Bibi kwenye data. Safari hii nitamtoa kwa mkono wangu na kwa sababu inayoeleweka, kwamba majibu yake yalimfuata muulizaji, na nitamwandikia Dokta hivyo. Sehemu ya matokeo itasomeka vizuri. Atafurahi.

Kisha Jumamosi nataka kumwomba Salehe anipeleke Handeni, anionyeshe alipolazwa binti yetu. Sijui kama yeye mwenyewe anapajua, maana walimzika wanawake. Miezi yote hii amekuwa akirudi nyumbani, anakula, anasikiliza taarifa ya habari, analala akiwa ameelekea ukutani, na mimi nimekuwa nikimhesabu upande wa mama yake. Nimemweka kwenye kundi lile na sikuwahi kusita.

Sijui atasema nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.